Gauni Ambalo Mama Hakuligawa

Watu wa mtaa ule walimwita Mama wa Wote, na hakuna jina lililomchoma binti yake kama hilo. Kila alipolisikia likitamkwa, sokoni au kwenye ngazi za kanisa, alijibu kimoyomoyo: wa wote ndio akina nani? Tumboni mwake tulikaa wawili tu, mimi na mdogo wangu, na mimi ndiye niliyetangulia.

Binti huyo alikuwa mshonaji, na alikuwa ameishika kazi hiyo tangu usichana wake, hata waliombeba mgongoni sasa walimwita Fundi. Alipanga chumba kimoja kilichotazama barabara. Mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na msumari ukutani alipotundika nguo za wateja waliosema "nakuja kesho" na kesho yao haikufika. Mikono yake ilikuwa myepesi na ulimi wake mkali. Moyoni alifuga wivu kama mtu anavyofuga mbwa mbaya: hadharani hamfungulii, lakini chakula hamnyimi hata siku moja.

Wivu huo haukuanza jana.

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Mumewe, mwashi, alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi watoto wakiwa bado wadogo, akamwachia mjane wake watoto wawili na chumba kisichopigwa lipu. Mama hakulia hadharani. Alifunga kitambaa kichwani, akashika rozari yake ya mbao, akarudi kazini kuchemsha mashuka ya wagonjwa kwenye mapipa. Alfajiri Misa, mchana mapipa, jioni sala za jumuiya. Kubeba mafurushi ya mashuka mabichi kulimshusha bega la kushoto, likakaa chini ya mwenzake, na hivyo ndivyo alivyotembea maisha yake yote, kama mtu anayeinama kidogo kumsikiliza mtoto.

Kule dobini ndiko alikokutana na jambo lililomgeuza. Hospitali ilikuwa na utaratibu wake: shuka lililotoka stoo lazima lirudi stoo. Mgonjwa aliyefia wodini bila ndugu alivuliwa shuka, akaviringishwa kwenye nailoni, akapelekwa makaburini na watu wa manispaa. Siku moja mama aliletewa shuka la kufua ambalo bado lilikuwa na uvuguvugu.

"La nani hili?" akamuuliza mhudumu wa mochwari.

"La yule bibi wa kitanda cha dirishani."

"Na yeye sasa amevaa nini?"

"Amevaa nini kivipi, mama? Si ameshakufa?"

 Jioni ile mama alikwenda nyumbani, akafungua sanduku, akatoa gauni lake la harusi, akarudi nalo mochwari, akamvisha yule bibi kwa mikono yake mwenyewe. Tangu hapo hakupumzika. Aliwaendea wenzake wa chama cha kina mama wa parokia, akawaomba, akawasumbua, akawaaibisha waliostahili kuaibishwa, mpaka ikawa kazi ya chama: mwanamke asiye na ndugu hazikwi uchi. Wanamwosha, wanamvisha, wanamsalia, wanamsindikiza. Padri aliwasifu kwenye mahubiri. Wauguzi walimpisha mama njia kwenye varanda. Kila mtu alijua mema yake, na hakuna aliyeuliza kule nyumbani chakula kimepakuliwa na nani.

Kilipakuliwa na Fundi, aliyekuwa bado anahitaji kigoda ili aifikie sufuria.

Siku ya Komunyo yake ya Kwanza, akiwa na shela jeupe na soksi mpya, aligeuka nje ya kanisa apigwe picha na mama yake, akakuta mama hayupo. Ameitwa mochwari. Picha ile iko ukutani hadi leo, pale juu ya cherehani. Ndani yake Fundi amesimama na katekista, mwanamume mrefu asiyejua aiweke wapi mikono yake.

Hili ni jambo ambalo watu wema hawapendi kuambiwa, lakini halina budi kusemwa. Mtu anaweza kuwa mwema kwa mji mzima na bado akawa na la kujibu ndani ya nyumba yake. Mama yule alikuwa mtakatifu kwa namna yake, na anayesema vinginevyo hakumjua. Lakini mtoto hali sifa za mama yake, wala hazimfuniki usiku.

Gauni la kwanza alilomshonea mama, Fundi alilishona akiwa bado mwanagenzi, kwa kitambaa cha kijani alicholipwa badala ya ujira. Alilipiga pasi, akalikunja, akalipeleka kwa mikono miwili. Mama alilibusu, akalivaa Jumapili moja, watu wakamsifu. Jumapili iliyofuata akarudi kwenye sketi yake kuukuu.

"Mama, lile gauni la kijani liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Lipo kwa mwenye shida nalo."

"Na mimi niliyelishona?"

"Wewe unajua kushona, mwanangu. Utashona jingine."

Akashona jingine. Likaenda. Akashona la tatu, zito, la baridi. Likaenda na baridi yake. Mengine aliyaona barabarani migongoni mwa wanawake asiowajua. Mengine hakuyaona tena, akaelewa yamekwenda mochwari, na kutoka mochwari yameshuka chini ya udongo. Wapo washonaji wanaolala wakiota nguo zao zimevaliwa na mabibi wakubwa. Fundi aliota mishono yake ikifumuka shimoni.

Mwaka mmoja akapata hila. Alikata gauni kwa bega la mama yake hasa, la kushoto chini, la kulia juu, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake, ili hata likigawiwa lisimkae mtu mwingine duniani. Mama alilivaa, likamkaa kama ngozi. Fundi akarudi nyumbani akiimba. Haikupita muda, akamwona mke wa fundi baiskeli akivuka barabara na gauni lile, bega moja likining'inia kama mlango uliobaki na bawaba moja.

"Shoga, hongera kwa gauni," Fundi alimwambia kwa meno yaliyobanana.

"Asante, mwenzangu. Nimepewa na Mama wa Wote. Ila aliyelishona sijui alikuwa na kizunguzungu!" Mtaa mzima ukaurudia utani huo.

Kati ya wote waliovaa magauni yale, mmoja alimkaa Fundi kooni kuliko wengine: mwanamke muuza mboga aliyeitwa Kengele. Jina lilitokana na sauti yake. Akianzisha wimbo kanisani, wanakwaya waliokuwa hawajaamua waanzie wapi hulazimika kuamua. Huyu aliletwa hospitali zamani baada ya kugongwa na gari, hajitambui, hana ndugu. Mama alipigiwa mbiu mapema, akaenda wodini na gauni la kijani kwenye mfuko, maana daktari alisema hafiki asubuhi. Alipokuwa akisali pembeni ya kitanda, mgonjwa akafumbua jicho moja.

"Hilo gauni la nani?"

"Lako, ukipenda."

"Basi ngoja kwanza nipone."

Akapona, akalivaa akiwa hai, na tangu siku hiyo hakumwachia mama nafasi ya kupumua. Alimpelekea mboga, alimfagilia uwanja, alikaa naye benchi la mbele kanisani, mahali ambapo Fundi alikataa kukaa tangu siku ya ile picha. Alimwita "Mama," hivyo hivyo, bila kiambatisho. Na kwa kuwa alimzidi Fundi umri kidogo, alimwita Fundi "mdogo wangu."

"Mimi si mdogo wako," Fundi alimwambia siku moja mbele za watu. "Mimi ni kifungua mimba. Wewe ulifunguliwa na gari."

Watu walicheka. Kengele naye alicheka kuliko wote, na hilo ndilo lililouma.

Mama alipoanza kuugua, uvimbe tumboni ulimla nyama zote akabaki mifupa na macho. Fundi alikuwa na watoto wake na wateja wake. Alifunga kazi jioni akaenda kwa mama na chombo cha supu kimefungwa kwenye kanga. Kila alipofika alikuta chumba kimefagiwa, mama ameoshwa, nywele zimesukwa upya, na Kengele anakausha mikono.

"Kunywa supu, mama."

"Nimeshiba, mwanangu. Kengele kanilisha."

Nimeshiba. Neno dogo hivyo, na Fundi alilibeba njia nzima mpaka kwake. Supu aliimwaga kwenye mtaro nje ya nyumba yake, ili watoto wasimuulize kwa nini imerudi.

Wiki ambayo daktari aliwaambia wampeleke mama nyumbani, akiwa hana tena cha kumfanyia, Fundi alinunua kitambaa kizuri kuliko vyote alivyowahi kukata, rangi ya damu ya mzee, kisichojikunja wala kuchuja. Akafunga mlango wa chumba cha kushonea, akashona gauni la bega la mama yake. Alishona kwa mapenzi, lakini pia alishona kwa hasira, na ukweli ni kwamba hasira ndiyo iliyokanyaga cherehani. Hili hutaligawa, alisema moyoni kila aliposhona mshono. Safari hii nitakukomesha. Hili utakwenda nalo.

Alipomaliza, alilificha. Alilitundika kwenye ule msumari, chini kabisa, limefunikwa na nguo za wateja wa "nakuja kesho." Alijua tabia ya mama yake. Akimwonyesha leo, kesho atasikia, "Mwanangu, kuna dada mmoja wodini..." Akasema atamwonyesha siku mama atakapokuwa hana nguvu ya kumwita mtu na kumkabidhi. Siku hiyo ilipofika, mama hakuwa tena na nguvu ya kufumbua macho. Alikufa kulipokuwa kunapambazuka, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Kengele, maana Fundi alikuwa amekwenda kuwaandaa watoto shule. Basi mama aliondoka duniani bila kuliona gauni. Kwa kuogopa lisigawiwe, mtoaji hakulitoa.

Jioni ya siku ile watu walijaa uani. Mwenyekiti wa chama, mwalimu mstaafu mwenye miwani ya kamba, alimwita Fundi ndani. Mkononi alikuwa na sare ya chama, blauzi nyeupe na sketi ya bluu, imepigwa pasi ikasimama kama ubao. Kengele alikuwa nyuma yake, macho yamevimba.

"Pole sana, Fundi. Tumeleta sare. Kesho asubuhi sisi wenzake tutakwenda kumwosha na kumvika."

"Ahsanteni. Sare rudini nayo. Mama yangu ana gauni."

Mwenyekiti alivua miwani. "Kila mwanachama anazikwa na sare. Tajiri, maskini, wote sawa. Kanuni hiyo hakuitunga mtu mwingine, aliitunga mama yako."

"Kanuni alizitunga nyingi. Mimi nimeshona gauni moja."

"Mdogo wangu," Kengele akaingilia, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, na uani wakanyamaza wote, "Mama angetaka..."

"Usiniambie mama angetaka nini! Ulimlisha, ulimwosha, ulimfumba macho. Umebakiza nini? Umeniachia nini mimi?"

Ndugu yake Fundi, dereva wa lori aliyewasili mchana ule na vumbi la safari bado kwenye nyusi, alichungulia mlangoni, akaona nyuso za wanawake watatu, akasema, "Mambo ya nguo malizaneni wenyewe," akarudi kukaa na wanaume. Fundi akatamka la mwisho: kesho atakwenda mochwari na gauni lake, na atakayetaka kumvisha mama yake kitu kingine, amvishe na yeye Fundi huku amelala pembeni.

Asubuhi walikwenda watatu, Mwenyekiti na sare yake, Fundi na gauni lake, Kengele na beseni, sabuni na marashi.  Mhudumu wa mochwari, ambaye sasa alikuwa mzee mwenye mvi na alikuwa bado anamkumbuka mama tangu siku ya lile shuka, aliwafungulia mlango wa chuma na kuvua kofia.

Chumba kilikuwa na sakafu ya saruji iliyomwagiwa maji, bomba linalotiririka polepole, na meza mbili za vigae. Kwenye moja alilala mama. Kwenye ya pili alilala mwanamke mwingine, mnene kidogo, amefunikwa nailoni hadi kidevuni.

"Huyu naye ni wa leo," mhudumu alisema. "Mama wa Wote aliniahidi kabla hajalazwa mara ya mwisho. Aliniambia, asiye na mtu akija, niambie tu. Sasa mmemletea nini?"

Wanawake watatu wakatazamana.

Hawakuleta kitu. Siku zote aliyekumbuka gauni la mgeni alikuwa mama, na wao walikesha wakigombana mama avae nini. Ni chama kilichojitwika kazi ya kuona mwanamke hazikwi uchi, na asubuhi ile kilikuja mochwari na nguo mbili za mtu mmoja.

Mwenyekiti alikuwa wa kwanza kuokoa hali. Aliwahi kuwa mwalimu, na alizoea kugawanya vitu. "Basi jambo limejimaliza," alisema kwa upole. "Mama avae sare, kama kanuni inavyosema. Na huyu avae gauni la Fundi. Ndivyo mama mwenyewe angefanya."

Ni kweli ndivyo angefanya. Fundi alijua kabla sentensi haijaisha, na ndiyo maana damu ilimpanda kichwani. Alilikumbatia gauni kifuani kama mtu aliyevamiwa.

"Hata leo!" alisema. "Hata leo amekufa, bado ananipokonya! Mama, hata leo?"

Alikuwa hazungumzi tena na Mwenyekiti. Mhudumu alitoka nje, akafunga mlango taratibu.

 Kengele alijaza beseni, akakunja mikono ya blauzi, akaanza kumwosha mama kama alivyomwosha kila siku ya ugonjwa wake, mkono, shingo, nyuma ya masikio. Alipofika bega la kushoto alisimama, akaweka kiganja juu yake.

"Sare yetu haikumkaa hata siku moja," alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo kweli. "Ilikuwa inateleza upande huu. Kanisani nilikuwa naivuta juu kila tukisimama kwa Injili. Fundi, lete hilo gauni nilione."

Fundi alisita, kisha akalikunjua. Kengele alilitazama bega moja, akalitazama la pili, akaupitisha mkono wake mnyevu kwenye ule mteremko wa kushoto.

"Hili hajalikata mtu mwenye kizunguzungu," alisema.

Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza ya vigae na kulia.

"Unajua alivyonitesa na wewe?" alisema huku akijifuta kwa kiwiko. "Nimemlisha, nimemwogesha, nimembeba chooni. Na yeye kila saa, Fundi yuko wapi, Fundi amekula, tazama mshono wa Fundi ulivyonyooka, Kengele, wewe huwezi mshono kama huo. Karibu kila gauni alilolitoa alimwambia anayepokea, hili amelishona binti yangu, ukilichana utanijibu. Mimi nilimwita Mama. Yeye alinijibu 'mgonjwa wangu.' Miaka yote hiyo, mgonjwa wangu! Halafu unaniuliza nimekuachia nini?"

Fundi alisikiliza, na hapa msomaji asitegemee kwamba moyo wake ulilainika mara moja. Kitu cha kwanza alichosikia ndani yake kilikuwa raha, raha mbovu ya mtu aliyegundua kwamba mwenzake naye ameumwa. Kitu cha pili kilikuwa aibu kwa sababu ya ile raha. Cha tatu kilikuja kama kicheko, akakikohoa.

"Mnataka agawe?" alisema. "Sawa. Asigawe gauni langu. Nimechoka. Safari hii agawe cha kwenu. Mvisheni huyu dada sare ya mama."

Mwenyekiti alishtuka. "Fundi! Sare ni ya mwanachama."

"Basi mwandikishe," Kengele alisema, akisimama.

"Nimwandikishe nani? Hatumjui hata jina!"

"Mwanachama mpya huwa anaulizwa nini, mwenyekiti? Kama yuko tayari kusali na kuwatumikia wasio na mtu. Muulize. Akikataa tumwache." Kengele aligeukia meza ya pili. "Dada, uko tayari? Eti? Sijasikia akikataa. Wewe umesikia, mdogo wangu?"

"Sijasikia," Fundi alisema. Akatambua baadaye kwamba hakumkemea kwa lile "mdogo wangu."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena. Aliwatazama maiti wawili, akawatazama wazima wawili. "Mtanizeesha," alisema. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaomba sabuni.

Gauni lilikuwa kubwa. Fundi alikata kwa kumbukumbu, na kumbukumbu yake ilikuwa ya mama mzima. Ugonjwa ulikuwa umechukua nusu. Akatoa kwenye mkoba wake sindano, uzi, mkasi na utepe wa kupimia. Maisha yake yote mama hakuwahi kutulia apimwe. "Kata tu, mwanangu," alikuwa akisema akiwa tayari mlangoni, "Mungu anaujua ukubwa wangu." Leo alitulia. Kengele alimwinua, Fundi akapitisha utepe mgongoni, kifuani, kiunoni, akasoma vipimo kwa midomo tu, asivitamke, kwa kuwa hivyo vilikuwa vyake peke yake. Alipunguza pande zote mbili, akakata kitambaa kilichozidi, akashona kwa mkono huku Kengele amemshikilia mama ubavuni. Mara mbili vidole vyao viligusana. Bega hakuligusa. Bega lilikuwa sawa.

Yule mgeni alikaa vizuri kwenye blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Mwenyekiti mwenyewe alimfunga kitambaa kichwani na kumpachika nishani ya chama, akiwa amenuna bado, lakini akihakikisha imenyooka.

Kanisani watu walinong'ona walipomwona mama na gauni la rangi ya damu ya mzee badala ya sare. Kisha mke wa fundi baiskeli, aliyekuja na lile gauni lake la bega kuning'inia, alisimama muda mrefu kwenye jeneza, akatazama, akajitazama begani. Alimtafuta Fundi kwa macho, akapata aibu, akamshika mkono. Padri alisoma majina ya marehemu wawili, kwa wa pili alisema "dada yetu." Fundi alikaa benchi la mbele. Alifika mapema makusudi ili Kengele asimtangulie, na Kengele alipofika na kukuta nafasi ya kwanza imechukuliwa, alikaa ya pili bila kubisha.

Makaburini Kengele alilia kwa sauti iliyofanya wachimbaji waegemee sepetu zao na kutazama. Fundi hakupenda. Alisogea hatua mbele, akaupata udongo wa kwanza kabla ya mtu yeyote, akautupa, akarudi nyuma ameridhika, kisha akaona haya kwamba ameridhika. Halafu wakaenda wote kwenye kaburi la pili, pembeni ya ukuta. Chama kilikuwa na desturi ya kumwachia mama udongo wa kwanza wa mgeni. Wakasimama, wanawake wote wenye sare, hakuna aliyeinama. Mwishowe Fundi, asiye mwanachama, aliinama.

Watu walipoanza kutawanyika, Kengele alimfuata kwenye njia ya kutokea.

"Fundi. Kile kitambaa ulichokipunguza mochwari. Kilichozidi."

"Kimefanya nini?"

"Ulikitupa?"

"Fundi hatupi kitambaa."

"Basi nipe." Kengele alitazama viatu vyake vyenye udongo. "Kidogo tu. Nishone mfuko wa rozari. Mshono wangu haujanyooka, lakini nitajitahidi."

Wivu uliinuka na kusimama kifuani mwa Fundi kama siku zote, na njaa yake ile ile. Kitambaa kile ndicho kilichobaki cha gauni pekee ambalo mama yake hakulitoa kwa mtu. Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angemlaumu. Aliuacha wivu usimame. Akafungua mkoba, akatoa kipande, akatoa mkasi, akakikunja mara moja kukadiria katikati. Jicho lake lilikuwa la mshonaji aliyebobea. Katikati hakuwahi kuikosa.

Akakikata. Nusu moja akampa Kengele, na nusu aliyobaki nayo ilikuwa kubwa zaidi kwa upana wa kidole. Kengele aliona. Alifungua mdomo aseme, kisha akakikunja kipande chake, akakitia kifuani, na wakatoka getini pamoja.